Wimbi Ulioachwa Ukazaa

Kila alipofika kwenye shamba lililokwisha kuvunwa na kuachwa wazi, Bwana Shamba alivua kofia. Alisimama mpakani, kofia kifuani, kama mtu aliyechelewa mazishi, kisha akamwambia mwenye shamba, "Pole sana." Mara ya kwanza alipomfanyia mama yangu hivyo, mama aliangusha jembe akauliza ni nani amekufa. Tulikuwa tumemaliza kuvuna kabichi siku mbili nyuma, lori limekwisha kubeba, na shamba tulikuwa tumelipalilia likabaki jekundu tupu, bila hata unyasi mmoja. Mama alikuwa anangoja sifa.

"Hakuna mtu amekufa, Mama Nekesa," akasema. "Lakini hii shamba umeivua nguo, na mvua inakuja."

Nekesa ni mimi. Wakati huo, miaka ya themanini, nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha shule ya msingi nje ya Kitale, na bado naishi na mama. Alikuwa mjane mwenye ekari mbili, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini, ukipita mtaa wa Tuwan. Bwana Shamba alikuwa afisa wa kilimo wa tarafa yetu. Jina lake nalijua, na watu wengi wa upande ule wanalijua, lakini sitaliandika hapa. Limechekwa vya kutosha.

Wenzake walifundisha watu kupanda. Yeye alifundisha kinachotokea baada ya kuvuna, wakati ambapo hakuna mkulima anayetaka kusikia neno lolote la shamba. Alisema mavuno si mwisho wa kazi, ni mwanzo wa wizi. Kabichi hulishwa mbolea nyingi, alisema, na haiimalizi. Inayobaki imo udongoni, na yale majani tunayoyaacha shambani yanaoza upesi yakaongeza nyingine. Sasa kama hakuna mzizi wa kuishika, mvua ya Agosti inaiteremsha chini, ipite pale mizizi inapofika, mpaka visimani na mtoni. Mwezi wa nne mkulima anakwenda dukani kununua tena kile kile alichokuwa nacho. "Mwizi wa shamba haji na gunia," alikuwa akituambia. "Anakuja na wingu."

Alikuwa mtu wa Bungoma, na mbolea aliita "mborea". Darasa langu la sita lilimuigiza mpaka nikawakataza, ingawa mimi mwenyewe nilicheka nikifika nyumbani.

Hakubeba chati wala vitabu. Alibeba mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa chini kwa msumari, na pakiti ya chumvi mfukoni. Akija kwako aliujaza mkebe udongo wa shamba lako mwenyewe, akachanganya na kiganja cha chumvi mbele ya macho yako, akamimina maji juu, akakinga kikombe chini. Maji yakishatona alikupa kikombe.

"Onja."

Unaonja, unatema.

"Hiyo ndiyo mborea yako, mama. Leo umeionja wewe. Mwaka jana ilionjwa na mto."

Mzee mmoja alikunywa kikombe chote, akasema ni dawa nzuri ya koo, akaomba kingine. Bwana Shamba alikasirika akaondoka bila kuaga. Kwa ajili ya mkebe ule watu walimbandika jina la Bwana Chumvi, na alipopita na baiskeli yake watoto walitoa ndimi nje kana kwamba wameonja.

Hakuwa mtu rahisi kumpenda. Alikuwa na hasira za karibu, na ulimi wake haukuchagua mahali. Kikundi cha akina mama wa kanisa kiliwahi kumwita akaone bustani yao, imefagiliwa kama sebule, naye akawaambia huo ni usafi wa maiti anayengoja jeneza. Walimshtaki kwa chifu. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa, kwamba kwetu shamba lenye magugu baada ya mavuno ni aibu ya mwenye nyumba. Mama mkwe akipita anaangalia hapo kwanza, kabla hajaangalia watoto wameshiba au hawajashiba. Yeye alikuwa anawaambia wanawake waache ile kazi ambayo kwayo walihesabiwa kuwa wanawake wa maana.

Na nyumbani kwake je? Nilifika mara moja kwenye nyumba yake ya serikali. Uwanja ulikuwa umefagiliwa na mkewe mpaka mizizi ya miti ikatokeza. Kabichi yenyewe hakula, alisema inamfurisha tumbo. Nilimpa chakula kwetu mara nyingi, na kila mara alisukuma kabichi pembeni ya sahani akaomba mboga ya murenda kama ipo. Mama alimtania, "Bwana Shamba, unatusumbua bure juu ya kitu hata hukili," naye akajibu kwamba polisi hawali bangi.

Jambo moja halikuwa na doa. Hakuandika uongo. Wenzake waliandika kwenye ripoti zao kwamba wamefundisha wakulima wengi, wote wamekubali, wote wamefurahi. Yeye aliandika, mwezi baada ya mwezi, "Hakuna aliyekubali." Aliwahi kunionyesha nakala. Karatasi nyingi, na maneno hayo hayo mawili chini ya kila moja, kwa mwandiko wake uliosimama wima. Nikamwuliza kama haogopi kufukuzwa. "Mwalimu," akasema, "nikidanganya mimi, nani atajua udongo umesema nini?" Kwa sababu hiyo, siku alipoandika kwamba kwa Mama Nekesa imekubali, hakuna aliyekuwa na shaka naye.

Dawa aliyoihubiri ilikuwa wimbi. Wimbi ule ule wa uji na wa pombe ya busaa. Mbegu iko katika kila nyumba, mizizi yake ni mingi kama nywele, na unaweza kuumwaga siku ile ile kabichi inapotoka. Unaulea wiki nane au tisa, nao unakunywa yale yote ambayo mvua ingebeba. Ukikaribia kutoa vichwa unaukata ungali kijani, unaulaza pale pale, nao unafunika udongo mpaka mwezi wa tatu. Kabichi mpya inakuta chakula chake kimeingoja. Lakini sharti ukatwe mapema. "Ukiungoja uzae, ukavuna, ukampa ng'ombe yale mabua," alisema, "wewe mwenyewe umekuwa wingu."

Hapo ndipo watu walipomwacha. Kupanda wimbi walikuwa tayari. Kuukata haujazaa, la. Haukuwa umepita muda mrefu tangu mwaka ule wa njaa tuliokula unga wa manjano, unga mchungu uliotoka ng'ambo, na watu walipanga foleni wakausubiri. Mtu aliyewapikia watoto unga ule atachukuaje panga akafyeke chakula kikiwa kijani?

"Bwana Shamba," mama alimwuliza, "wewe uko na mama?"

"Niko naye, nyumbani Bungoma."

"Nenda umuulize kama kuna siku alikata wimbi haijazaa."

Alicheka, jambo lisilokuwa la kawaida kwake. Lakini hakukata tamaa. Aliomba ukanda mmoja tu wa shamba letu, hatua kumi na tano kwa upana, apande wimbi baada ya kabichi. Ukanda wa pili kando yake ungebaki wazi kama desturi. Mwaka unaofuata kabichi zingepandwa kote kuwili bila mbolea yoyote, na wageni kutoka ofisi ya wilaya wangekuja waone tofauti kwa macho. Mama alikubali. Lazima nieleze kwa nini, maana ndipo mkosi wote ulipoanzia. Mama hakuwa mtu wa kumkatalia mgeni kitu mbele ya uso wake. Kwetu hivyo ndivyo tulivyolelewa: mgeni anaambiwa ndiyo, mengine mtaonana nayo akishaondoka.

Bwana Shamba aliupanda wimbi mwenyewe, kwa magoti, suruali ya serikali ikiingia matope. Wimbi ukaota vizuri sana. Wiki ya nane alikuja akaupapasa, akasema, "Wiki ijayo mkate. Msingoje." Kesho yake akaletewa habari kwamba mama yake amefariki, akaenda Bungoma. Alikaa huko mpaka mwezi wa kumi na mbili: kwanza matanga, halafu ugomvi wa shamba na ndugu zake, halafu malaria.

Jumamosi iliyofuata nilichukua panga nikaenda kwenye ukanda. Nataka ijulikane kwamba nilichukua panga. Mama alikuja nyuma yangu akasimama katikati ya wimbi, mikono ameitandaza kama anazuia ng'ombe.

"Nekesa, wacha."

"Mama, si ulimwambia ndiyo?"

"Nilimwambia. Lakini angalia." Akashika bua moja, akalipasua kwa ukucha, akanionyesha kichwa kidogo kilichojikunja ndani. "Hii iko na mimba. Nani anakata kitu iko na mimba?"

Nikarudisha panga nyumbani. Wimbi ukazaa. Tukauvuna, tukasaga, tukanywa uji mpaka Krismasi, na mabua ng'ombe wetu akayamaliza yote.

Aliporudi alikuwa amenyolewa kichwa kwa msiba, na shati linamning'inia. Mama hakumficha. Alimwambia wimbi ulizaa na tumekula. Bwana Shamba alivua kofia akaliangalia shamba, kisha akaketi kwenye tuta. Hakufoka, na mimi ningependa sana kama angefoka.

"Basi hakuna kitu hapo," akasema. "Mwaka mzima. Na wageni nimeshawaita."

"Utawaambia nini?" mama akauliza.

"Nitawaambia nimeshindwa. Si ndiyo kweli?"

Mama hakulala vizuri tangu siku ile. Alizungumza juu ya kile kichwa kilichonyolewa kana kwamba yeye ndiye aliyemuua yule mama wa watu. Mwezi wa nne tukapanda kabichi kote kuwili. Mwezi wa tano zikaanza kufifia, ukanda wa wimbi umedhoofu kuliko hata ule wa wazi. Siku moja mama aliniambia nilete baiskeli. Tulikwenda mjini Kitale, kwa Kalasinga, yule Singasinga mwenye duka la mbolea, yule aliyekunywa chai na Bwana Shamba kila Ijumaa wakibishana kuhusu biashara yake kuharibiwa.

"Mama," Kalasinga akamwambia, "rafiki yangu si amekukataza? Sasa wewe nanunua mbolea ya CAN ya nini?"

"Ya mahindi," mama akajibu.

Mbolea ile tuliiweka kwenye ukanda wa wimbi peke yake. Tulifanya kazi ile mchana kweupe, kwa kijiko, mama mstari huu na mimi mstari ule. Nilijua tunachofanya. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha ualimu, na nilijua. Nilijiambia ni huruma. Ilikuwa huruma kweli, na bado naiona ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu uongo wa tamaa mtu huuona mapema akautubu, lakini wa huruma unaupikia chai na kuuweka sebuleni.

Wageni wakaja mwezi wa saba. Madawati yalitolewa shuleni kwangu. Ukanda wa wazi ulikuwa na kabichi za ukubwa wa ngumi. Ukanda wa wimbi ulikuwa na kabichi ambazo mtu alizibeba kwa mikono miwili. Bwana Shamba alisimama pale mbele ya watu. Alikuwa amekuja na karatasi ya kusema ameshindwa. Niliiona mkononi mwake, aliikunja ikawa ndogo, akaikunja tena. Hatimaye akainua kabichi moja juu.

"Mimi nilikuwa nimekosea," akasema. "Niliwaambia mkate wimbi kabla haijazaa. Huyu mama aliacha ikazaa, akakula, na bado angalieni. Yeye amenifundisha."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Ndiyo, maana sasa alikuwa amesema kitu walichotaka kusikia kwa miaka yote ile: kula wimbi wako, na udongo unenepe vile vile, na dukani usiende. Wale akina mama wa kanisa ndio waliokuwa wa kwanza kumzunguka. Mama alipewa sufuria kubwa na wilibaro. Alipovipokea alinitazama, nami nikaangalia miguu yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa ndefu, na siku ile tungeweza kuikata kwa sentensi moja.

Usiku wa furaha haukai. Mwaka uliofuata nusu ya tarafa ilipanda wimbi baada ya kabichi, ikavuna, ikalisha ng'ombe mabua, na mwezi wa nne ikapanda kabichi bila mbolea kwa neno lake. Mwezi wa sita mashamba yalikuwa ya manjano kutoka mtoni mpaka barabarani. Mtu aliyekuwa na kabichi kama njia pekee ya karo alisimama katikati ya shamba asijue aanzie wapi.

Chifu aliitisha baraza. Wanawake walikuja na majani ya manjano kwenye vikapu, wakayamwaga mmoja mmoja miguuni pa Bwana Shamba, bila matusi. Rundo likafika kwenye magoti yake.

"Ulituambia hatuhitaji mbolea," mmoja wao akasema. "Sasa mimi niambie watoto wakae nyumbani, ama wewe utakuja uwaambie?"

"Mimi niliona kwa macho yangu," akajibu. "Na nyinyi mliona. Mama Nekesa ni shahidi. Mama, si ilikubali kwako?"

Baraza zima likageuka. Nilikuwa nimeketi karibu na mama, bega kwa bega. Akasimama, akafunga leso vizuri kiunoni.

"Kwangu ilikubali," akasema, akaketi.

Mimi mwalimu, ninayewachapa watoto kwa kusema uongo kuhusu kalamu iliyopotea, nilikaa kimya. Niliogopa wale wanawake, niliogopa kazi yangu, niliogopa kumwaibisha mama. Hizo ndizo sababu, na nikizipanga hapa naona hazifiki hata kwenye magoti ya yule mtu.

Walimhamisha kabla ya mwaka kwisha, akapelekwa Bungoma. Huko habari zilimtangulia. Miaka ya tisini, serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, alikuwa katika kundi la kwanza. "Alipigwa retrench bana," mwalimu mwenzangu aliniambia, "ati ndiye wa kwanza kwa list." Aliyechukua nafasi yake kwetu alikuwa kijana mpole, alifundisha watu kupanda, na hakumsumbua mtu baada ya kuvuna.

Barua zake zilianza hapo. Moja kila mwaka, mwandiko ule ule uliosimama wima, na kila moja ilikuwa na maswali tu. Je, pale kwenye ukanda paliwahi kuwa na boma la ng'ombe? Je, babu yako alichoma mkaa hapo? Je, chini kuna mawe meupe? Je, maji ya mvua yanatoka upande gani? Nilijibu kila barua. Hapana, hakukuwa na boma. Hapana, hakuna mkaa. Niliandika hapana, hapana, mpaka mkono ukaanza kukataa, lakini ile moja iliyokuwa na maana sikuiandika. Kila hapana yangu ilikuwa inamfungia mlango mmoja, naye aliendelea kutafuta mwingine.

Mama alifia Lugulu, alikokuwa kwa dada yangu aliyeolewa huko. Siku za mwisho hakusema mengi. Nilikuwa namlisha uji, na ulikuwa wa wimbi, akageuza uso. "Yule mtu," akasema. "Umwambie wewe. Mimi nimeshindwa." Baada ya miezi miwili ilikuja barua ya pole kutoka kwa Bwana Shamba, na chini kabisa ombi: nikipata nafasi nimletee mkebe mmoja wa udongo kutoka kwenye ukanda.

Nilikwenda likizo ya Agosti. Nyumba yake ilikuwa Kanduyi, huko huko Bungoma, nyuma ya vibanda vya barabarani, na kando yake kishamba kisichozidi robo ekari. Kabla sijabisha niliona kishamba kile, nikasimama. Alikuwa amekigawa viraka viraka. Hapa sukuma wiki imevunwa na wimbi umekatwa, umelazwa. Pale wimbi umeachwa, umesimama, vichwa ndiyo vinaanza kutokeza. Kila kiraka kina kijiti na namba. Miaka kumi hivi ilikuwa imepita, na bado alikuwa analipima shamba la mama yangu.

Alikuwa amekonda sana, na mgongo umepinda. Mkewe alileta chai. Bwana Shamba akanipa pole ya mama, akasema alikuwa mwanamke mkweli. Kisha akapokea mkebe wa udongo kwa mikono miwili, akaunusa, akachovya kidole akaonja. Mezani palikuwa na madaftari ya shule, yamejaa.

"Mwalimu, nimejaribu kila kitu," akasema. "Wimbi ikizaa inabeba mborea yote, hiyo najua. Nimeona hapa mara nane. Lakini kwa mama yako haikubeba. Wale watu walipoteza msimu kwa sababu yangu, wengine watoto wao hawakurudi shule. Mimi sitaki kazi tena, sitaki sifa. Nataka tu kujua nilikosea wapi kabla sijakufa."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kutoka panga mpaka baiskeli, mpaka kijiko, mpaka baraza. Sikulia, nilijikataza, maana niliona machozi yangu yangekuwa kumwomba tena kitu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika, na chai ilikuwa inamwagika sakafuni asijue.

Bwana Shamba aliyafunga madaftari, moja moja, akayapanga. Akausukuma mkebe upande wangu.

"Basi ni udongo ya kawaida tu," akasema.

Nilingoja anitukane. Yule mtu aliyewaita akina mama wa kanisa maiti, nilingoja, na nilistahili. Barabarani mtu alikuwa anapiga honi. Bwana Shamba aliangalia mikono yake.

"Mliweka mborea kabla ya mvua ama baada?"

"Baada. Tulingoja ikapita."

"Mlimwaga yote mara moja?"

"Hapana. Kijiko kimoja kwa kila shina, halafu kingine baada ya wiki tatu."

"Mkafunika?"

"Tulifunika na udongo. Vile ulituonyesha."

Akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayesahihisha kazi ya mtoto.

"Kumbe mlinisikia," akasema.

Kisha akachukua panga lililokuwa nyuma ya mlango, akatoka. Nilimfuata. Alikwenda mpaka kwenye kiraka kile cha wimbi uliokuwa unatokeza vichwa, akajaribu kuinama, na mgongo ukakataa. Akajaribu tena. Mkewe alipiga kelele kutoka mlangoni, "Baba, hiyo ni chakula! Imebaki kidogo tu!" Yeye alisimama pale ameegemea panga, kofia imeanguka chini, na nikajua hakuna mgeni wa wilaya atakayekuja kuona kiraka hiki, wala mkulima, wala mtu yeyote Kitale atakayemrudishia jina lake hata nikizunguka nyumba kwa nyumba.

Nikalichukua panga mkononi mwake. Niliinama, nikashika wimbi kwa mkono wa kushoto, mashina manene, mororo, yamejaa maji, nikakata. Nilikata mpaka mstari wa mwisho, na yeye alikuwa nyuma yangu, kwa magoti, akiulaza.